Siku Niliyomtangazia Kassim Hitima

Jamani, mkitaka kucheka chekeni, mimi nimeshachekwa na Munje, na Msambweni, na Matuga, mpaka Samburu kule kwa wachungaji, na nikishuka Ukunda leo hii na mvi zangu hizi atatokea tu mtu, tena kijana ambaye siku ile hata babake hakuwa amezaliwa, aniambie, "Karibu, Bwana Hitima." Jina langu la kweli wamelisahau wote. Na sina wa kumlaumu, maana aibu hii niliipika mwenyewe, nikaipakua mwenyewe, na pilau yake nikaila.

Mimi, kwa wasionijua, ni Mganda wa Masaka. Nilikuja pwani ya kusini miaka ile uhuru bado mbichi, wakati kila msomi wa Afrika Mashariki alikuwa ama anaanzisha kitu ama anatafiti kitu, na mimi nikaangukia kwenye kutafiti: nilitumwa kukusanya nyimbo za sherehe, za arusi, za mavuno, chochote kinachopigiwa ngoma. Nikapata chumba Munje kwa Bi Mejumaa, mjane mwenye shamba la minazi na ulimi mkali (mkali kwa wavivu tu, kwa mgeni mwenye njaa alikuwa mpole), na nikapata pikipiki ya kuazima iliyokuwa ikisikika Msambweni kabla haijatoka Munje. Kiswahili changu kilikuwa cha kitabuni, nacho nilikipenda kupita kiasi, na hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wenyewe. Sisi Waganda mnajua tunavyosemwa, kwamba Kiswahili chetu ni cha askari na cha sokoni, basi mimi niliapa kuwaonyesha watu wa pwani Mganda anayesema Kiswahili cha wino. Wao wakisema mvua kubwa, mimi nasema gharika. Wao wakisema wamechoka, mimi nasema nimetaabika. Walikuwa wakinisikiliza kwa adabu kubwa sana, na mimi nilidhani ile adabu ni sifa.

Sasa Bi Mejumaa alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Kassim, aliyekuwa akisoma chuo kikuu Nairobi, na Munje yote haikuwa imewahi kutoa mtu wa chuo kikuu. Mwaka ule Kassim alimaliza. Nilipoambiwa atafanyiwa sherehe nyumbani nilifurahi kuliko mwenye mwana, maana ningeshuhudia kwa macho yangu jinsi kijiji kinavyompokea msomi wake wa kwanza, na nyimbo zake ningezinasa zikiwa moto.

Lakini sherehe ile haikuwa ya kula na kucheza tu. Kassim alikuwa ameposa Matuga, kwa binti aitwaye Nimwaka, wanapendana tangu siku nyingi, na baba wa binti, Mzee Salimini, alikuwa mtu wa msimamo. Alikuwa amesema mbele ya watu: "Wanaosoma ni wengi, wanaomaliza ni wachache. Siku nitakayomwona kijana huyu kwa macho yangu amevaa joho lake, siku hiyo nitajibu posa." Na huku nyuma kulikuwa na mposaji wa pili, Bwana Athumani, mnunuzi wa korosho, mtu mstaarabu, mpole, mwenye nyumba ya bati na gari, ambaye kila Idi alimpelekea Mzee Salimini salamu na mfuko wa sukari, anangoja tu. Kwa hiyo Salimini aje, alione joho, ajibu. Bi Mejumaa alikuwa akisema, "Salimini asipokuja, hiyo si sherehe, ni ulaji."

Nirudi nyuma kidogo niwaeleze habari ya pilau, maana kosa lilianzia kwenye pilau. Nilipofika mara ya kwanza nilikwenda Matuga kwa ajili ya kibali changu, nikapita nyumba moja nikakuta watu wamejaa barazani, wanaume wamekaa mkekani kila mmoja na juzuu yake, wanasoma kwa pamoja, na mzee mmoja mkarimu akanivuta mkono akanikalisha. Nikamwuliza kwa sauti ndogo kuna nini. "Hitima," akasema. Hitima ya nani? "Ya mwenye nyumba." Baadaye ikaja pilau, ikaja kahawa na haluwa, na mimi kwa akili zangu za kitabuni nikaunganisha: kuhitimu ni kumaliza masomo, hawa wanasoma, wamesoma mpaka wamemaliza, wamemaliza wakala, basi hitima ni karamu ya kuhitimu, na aliyehitimu ni mwenye nyumba. Nikamtafuta nimpe mkono wa hongera, nisimwone. Nikasema huyu mzee ana haya sana. (Hitima, kwa asiyejua, ni kisomo cha kumwombea aliyekufa. Mwenye nyumba alikuwa kaburini, ndiyo maana hakutokea.)

Basi ikafika Alhamisi, sherehe ni Jumamosi. Bi Mejumaa alikuwa uani anapepeta mchele, akaniita.

"Mwanangu, si unakwenda Samburu leo na hilo lipikipiki lako?"

"Naam, mama, nataabika kuzitafuta nyimbo za wachungaji."

"Basi usitaabike bure. Pitia Matuga kwa Mzee Salimini, mwambie Kassim amemaliza, na Jumamosi tuna shughuli yake, aje na watu wake. Ukifika Samburu mwambie na mdogo wangu Nyamvula. Useme hivyo hivyo nilivyosema."

Hivyo hivyo! Ningesema hivyo hivyo leo nisingekuwa na mkasa wa kuwapa. Lakini njiani nikaanza kulichambua lile neno, shughuli. Mimi shughuli nililijua kuwa ni kazi za watu, mtu ana shughuli zake usimsumbue, sikujua kwamba pwani arusi ni shughuli na karamu ni shughuli, nikajiuliza utamwitaje mzee wa heshima kuja kumwona msomi wa kwanza wa Munje kwa neno la ofisini kama hilo? Neno la jambo zito lazima liwe zito. Kabla sijaipita Ukunda nilikuwa nimeshalitupa la Bi Mejumaa na kuweka la kwangu, na nikajisifu moyoni, tena nikajisifu kwa sauti, kwa kuwa pikipiki ilikuwa na kelele na hakuna aliyenisikia.

Nilimkuta Mzee Salimini barazani anamenya chungwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana. Karibu. Habari za Munje?"

"Njema sana. Nimetumwa na Bi Mejumaa. Anasema Kassim amemaliza, na Jumamosi ni hitima yake. Mnakaribishwa nyote."

Chungwa likamponyoka. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema. Mimi nilisikia Kiarabu tu, na nilikuwa nimeshajifunza kwamba pwani Kiarabu ni cha dini na cha adabu, basi nikamjibu kwa adabu, "Amina, mzee. Ahsante sana."

Akanitazama. Mimi natabasamu. (Hilo la kutabasamu lilikuja kusemwa sana baadaye.)

"Lini?" akauliza.

"Wiki iliyopita, huko Nairobi."

"Aliumwa?"

Sasa hapo mtu mwenye akili angeshtuka, lakini mimi nilidhani ananiuliza kama kijana alipata maumivu masomoni, nikamwambia ukweli mtupu. "Aliteseka sana, mzee. Halali usiku, hali chakula kikatulia tumboni, hata macho yalishaharibika. Lakini sasa anapumzika."

"Subhanallah. Na huko walimfanyia yote yanayotakiwa?"

"Yote. Tena wenzake walimbeba mabegani. Ila mama yake anataka afanyiwe na hapa nyumbani."

"Masikini! Na yeye mama mtu yu vipi?"

"Tangu habari zifike analia tu," nikasema. (Alikuwa akilia kwa furaha, lakini hilo niliona halina haja ya kusemwa, nani halii kwa furaha mwanawe akimaliza chuo?)

Ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, nikasikia sufuria linaanguka sakafuni na kuzunguka mpaka likatulia lenyewe, na hakuna aliyeliokota. Nikadhani ni paka. Mzee Salimini akaniambia nimfikishie Bi Mejumaa salamu, kwamba Jumamosi atakuja, yeye na Maalim Zuberi na watu wa kusoma. Nikaona wa kusoma ndio hasa wanaofaa kwenye sherehe ya msomi, nikashukuru, nikapiga teke pikipiki, nikaenda Samburu, na huko nikamwambia Nyamvula maneno yale yale, tena kwa ufasaha zaidi maana sasa nilikuwa nimeyazoea. Alipiga yowe akaanguka chini. Mumewe, mfugaji mmoja mrefu mtaratibu, akanishika bega akaniambia nisikae na pikipiki juani, nipumzike. Nikawaza kwamba watu wa bara kavu wana furaha kubwa kuliko wa pwani, na nikaliandika hilo.

Nilirudi Munje Ijumaa alasiri. Kassim alikuwa ameshafika, kijana mwembamba wa miwani, mcheshi, na lile joho alikuwa nalo (lilikuwa la kukodi, alichelewesha kulirudisha makusudi ili mama yake na Mzee Salimini walione). Bi Mejumaa akaniuliza, "Wanakuja?" Nikamwambia wanakuja wote, na Salimini anakuja na maalim. Akapiga kigelegele. "Anakuja na maalim! Basi huyo anakuja kujibu!" Nyumba nzima ikashangilia, Kassim akanishika mkono asiuachie. Kila nikikumbuka ule mkono natamani dunia ipasuke.

Jumamosi asubuhi ngoma zilianza mapema. Wanawake wako vyunguni, wazee wako mkekani, ngoma ya sengenya inapigwa uwanjani, Kassim yuko ndani anavalishwa, na mimi niko kona na daftari langu natoka jasho la raha. Ndipo likaingia lori la ng'ombe kutoka Samburu, na kabla halijasimama tukasikia kilio. Si kilio cha mtu mmoja. Lori zima linalia, wanawake wamejifunga kanga viunoni, mikono kichwani, mbuzi wawili kati yao nao wanalia.

Ngoma zikanyamaza. Na hapa ndipo niliposhuhudia jambo ambalo hakuna chuo kilichonifundisha: wanawake wa Munje, waliposikia kilio, walitupa miiko wakaanza kulia nao. Hawakuuliza. Kwao, mwenzio akija analia kwako unampokea kilio kwanza, habari utaulizia mbele. Nyamvula akaruka kutoka lorini akamwangukia dada yake shingoni.

"Pole dada yangu! Pole!"

"Pole na wewe mdogo wangu, pole!" Bi Mejumaa naye analia, akiamini msiba umetokea Samburu. "Nani tena? Ni mumeo?"

"Mume wangu huyo anashuka!"

"Basi nani? Niambie tu, nijikaze."

"Si Kassim!"

"Kassim yupi?"

"Kassim wako, dada! Wako!"

Na Kassim wake, aliposikia vilio na jina lake, akatoka mlangoni amevaa joho jeusi mpaka miguuni na kofia ile ya pembe nne, kutazama kuna nini. Nyamvula akapiga ukelele, "Mzimu!" Dereva wa lori akarudi nyuma bila kutazama akaingia migombani, mbuzi wakashuka wakakimbilia baharini, na watu wa Samburu wakatawanyika, mwingine mpaka leo hajasema alijificha wapi. Kassim, masikini, hakujua afanye nini, akafanya alilofunzwa tangu utoto.

"Mama mdogo, shikamoo."

Kisha mumewe Nyamvula, yule mfugaji mtaratibu, akasema, "Mzimu hauamkii watu. Huyu mzima." Na hapo vilio vikakatika, na swali likaanza kuzunguka uwanjani, nani kawaambia, nani kawaambia, likapita kwa huyu na yule, na mwisho watu wote wakageuka kunitazama mimi pale konani na daftari langu.

"Mimi nilisema hitima tu," nikasema.

"Ulisema nini?" akauliza Bi Mejumaa.

"Hitima. Ya kuhitimu."

Bi Mejumaa akakaa juu ya kinu. Mzee mmoja kwa huruma akanieleza hitima ni nini, na yule mwenye nyumba wa Matuga akanijia mbele ya macho, na pilau yake, na mkono wa hongera niliokuwa nao tayari. Kisha nikakumbuka sufuria lililoanguka nyuma ya pazia, na nikajua kwamba hakukuwa na paka.

Sikupata hata nafasi ya kuomba radhi. Gari la korosho la Bwana Athumani likaingia, wakashuka watu wa Matuga na kanzu zao nyeupe, mbele Maalim Zuberi na juzuu zake kwapani, nyuma yake Mzee Salimini, wanawake wamejitanda kanga mpaka machoni, na Bwana Athumani anasimamia gunia la mchele alilolitoa yeye kwa ajili ya hitima. Wakakuta ngoma kimya, wanawake macho mekundu, watu wamesimama hawajui la kufanya. Nyumba ilikuwa ya msiba kabisa. Mzee Salimini akaanza kupita mstari mzima akitoa mkono wa pole, "Poleni, poleni jamani, kazi ya Mungu haina makosa," anamwinamia kila mtu, akafika kwa Kassim akampa mkono, "Pole mwanangu, Mungu atakupa subira," akapita, akamshika wa pili, kisha akasimama. Akarudi nyuma hatua. Akalitazama lile joho kutoka pindoni mpaka kofiani.

"Kassim?"

"Naam, baba. Shikamoo."

"Marahaba," akaitikia kwa mazoea. Kisha akasema, "Wewe umeswaliwa jana."

"Msikiti mzima," akaongeza Bwana Athumani.

Nikaitwa mbele ya mkeka. Nikaambiwa niyarudie yote niliyoyasema Matuga, neno kwa neno, na mimi nikayarudia nimesimama mikono nyuma, ile ya kuteseka, ile ya kupumzika, ile ya kubebwa mabegani. Wa kwanza kucheka alikuwa Maalim Zuberi, alijaribu kujizuia kwa kukohoa, ikashindikana. Mzee Salimini akasema, "Na alikuwa anatabasamu! Nikasema labda kwao ndivyo wanavyotangaza msiba." Hapo watu wakavunjika mbavu, Nyamvula akicheka na kulia pamoja, na nilianza kufikiri kwamba nimenusurika.

Bi Mejumaa hakuwa anacheka. Aliinuka kwenye kinu. "Mzee Salimini," akasema, "tucheke baadaye. Uliahidi ukimwona amevaa joho utajibu. Huyo hapo amevaa."

Kicheko kikaisha kidogo kidogo uwanjani. Mzee Salimini akavua kofia, akaishika. Akaeleza kwamba jana baada ya swala Bwana Athumani alikuja kumpa pole, na kwa kuwa Kassim ameshaondoka duniani, akakumbushia posa yake, kwa heshima, bila haraka. "Na mimi nimempa neno," akasema. "Mbele ya Maalim. Nilisema, hitima ya Kassim ikishasomwa, binti ni wako. Mimi sina desturi ya kula neno langu."

Hapo sasa ndipo nilipojua aibu ni kitu gani, maana kuchekwa si kitu. Kassim alikuwa amesimama na joho lake la kukodi, mdomo wazi, na elimu yote ile haikumpa hata neno moja. Alinitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira, ingekuwa heri.

Bwana Athumani, na nasema tena alikuwa mtu mstaarabu, alijikohoza. "Mimi namshukuru Mungu Kassim yu hai, wallahi," akasema. "Lakini neno ni neno. Maalim yupo, juzuu zipo, watu wa kusoma wapo, na mchele wangu huo hapo. Marehemu hawakosekani Munje. Isomwe hitima, watu wale, tumalize kwa heri."

Watu wakamtazama Maalim Zuberi. Akafikiri. "Kuwasomea marehemu wetu si jambo baya," akasema polepole, kwa kuwa kweli si baya, na mtu wa dini akiulizwa kama kusoma ni vizuri atasema nini? Wakaanza kukaa mkekani. Juzuu zikaanza kugawiwa. Bi Mejumaa akajifunika uso kwa kanga. Mimi nikatamani nipige kelele, niseme nini sasa, Kiswahili changu chote kilikuwa kimekimbia na wale mbuzi.

"Maalim."

Ilikuwa sauti ya kike, upande wa wanawake. Nimwaka alikuwa amesimama, kanga ameiteremsha begani, macho yamevimba kwa kulia siku mbili.

"Sema, binti yangu."

"Hitima mnayotaka kuisoma ni ya nani?"

"Ya marehemu wetu wote, mwanangu."

"Jana baba alikuja mlangoni kuniuliza kuhusu Bwana Athumani, na mimi nikamwambia sitaki kusikia posa ya mtu mpaka hitima ya Kassim isomwe. Sikusema ya marehemu wote. Nilisema ya Kassim." Akamgeukia babake. "Sivyo, baba?"

Nikaona ndevu za Mzee Salimini zinacheza. "Ndivyo," akasema. "Alisema ya Kassim. Nami nikamwambia Athumani ya Kassim. Na Athumani akaitikia, Maalim shahidi."

"Niliitikia," akasema Bwana Athumani, "lakini..."

"Basi neno langu liko pale pale, sijalila. Hitima ya Kassim ikisomwa, uje."

"Kwa hiyo nikae ningoje mpaka Kassim afe?"

"Umwombee maisha marefu," akasema Maalim Zuberi, na akaanza kuzikusanya zile juzuu moja moja. "Kumwombea mtu afe haifai."

Sijui nani alipiga kigelegele cha kwanza, nadhani ni Nyamvula, lakini ngoma zilirudi kabla hakijaisha. Mzee Salimini alimshika Kassim mkono akamkalisha karibu naye, na hilo ndilo lilikuwa jibu la posa. Mchele wa Bwana Athumani ukapikwa pilau, naye akala, tena akaomba ukoko, mtu mstaarabu yule. Mimi nilipewa sahani nikaambiwa, "Kula, Bwana Hitima," na likabaki hilo. Bi Mejumaa alikaa siku kadhaa hasemi na mimi ila "chakula hicho". Kisha siku moja akaniambia, "Mwanangu, wewe soma vitabu vyako, lakini maneno ya watu usiyabebe, utayamwaga." Nikamwapia pale pale kwamba sitapeleka tena ujumbe wa mtu kwa mdomo wangu, wa heri wala wa shari, hata salamu.

Kassim na Nimwaka walioana mavuno yaliyofuata. Wakazaa, wakajukuu. Mimi nilikwenda nikarudi, nikarudi tena, mwisho nikajenga Msambweni, na kila Kassim alipopata mafua alikuwa akinitumia salamu: hitima bado, usitangaze. Ulikuwa utani wetu wa maisha. Kwa hiyo, mwaka juzi, aliponipigia simu mwanawe mkubwa akaniambia, "Mzee, Jumamosi ni hitima ya baba," mimi nilicheka. Nilicheka sana, nikamwuliza safari hii anaumwa nini, jino? Hakucheka, akaniita tena "Mzee" polepole. Nikaelewa kabla hajaongeza neno.

Nikaenda. Wakasoma, kila mtu na juzuu yake, na mimi nikakaa mkekani pale pale Munje nikalia kwa Kiswahili chepesi kabisa. Kisomo kilipokwisha, kahawa ikija, mzee mmoja mwenye fimbo, macho yameingia ukungu, akasogezwa akakalishwa ubavuni mwangu. Alikuwa Bwana Athumani. Alikuwa ameoa, ameacha, ameoa tena, amefiwa, korosho ameziacha kwa watoto.

"Bwana Hitima," akaninong'oneza, "hii ya leo ndiyo ya Kassim kweli?"

"Ndiyo, Bwana Athumani. Ya kweli."

"Na imesomwa yote?"

"Imesomwa yote."

Akanywa kahawa yake kidogo kidogo mpaka ikaisha. Machozi yalikuwa yakimtoka, na alikuwa akicheka. "Basi nenda pale mlangoni kwa kina mama," akasema, "umwambie Bi Nimwaka kwamba Athumani amekuja kusikiliza jibu lake."

Nikamwambia aende mwenyewe, au aache, maana mimi sipeleki ujumbe wa mtu.